Jiwe linalolia chini ya Obunga

Msomaji, kama umewahi kuitembelea Kisumu, yamkini ulionyeshwa yale wanayoonyeshwa wageni wote. Ulipelekwa ufukweni ukala ngege wa kukaanga kwa ugali, ukasimama Hippo Point jioni ukilitazama jua likizama ziwani, na labda watoto wakapelekwa kuwaona swara pala. Hayo ni mazuri, na hakuna anayekukataza kuyarudia. Lakini ni nadra mgeni wa Kisumu kuambiwa atazame chini, aiangalie ardhi anayoikanyaga. Leo basi nakuomba tulipe ziwa kisogo kwa muda, tupande kidogo kuelekea kaskazini mwa mji, tuingie Obunga.

Obunga ni mtaa wa mabanda katika eneo la Kanyakwar. Wakazi wengi wa mjini wanaujua kwa harufu kabla ya kuujua kwa macho, kwa kuwa hapa ndipo penye biashara kubwa ya mgongo wazi. Usipoelewa neno hilo, ni hivi: viwanda vya samaki humchukua mbuta, vikamtoa minofu yake yote iliyo safi na kuipeleka ng'ambo, kisha kinachobaki, yaani kichwa, mifupa na nyama kidogo iliyoshikilia uti, huuzwa kwa akina mama. Nao hukianika, wakakikaanga katika mafuta yanayochemka, kikaliwa na familia zisizomudu samaki mzima. Jina lenyewe ni la mzaha, lakini mzaha huo umesomesha watoto wengi.

Sasa acha mabeseni ya samaki utazame miguuni pako. Vijia vya Obunga vina mawe kila mahali. Mengine yamechomoza ardhini kama migongo ya viboko majini, mengine yamekusanywa kandokando ya kuta, mengine yamewekwa juu ya mabati ili upepo wa ziwani usiyang'oe, na mengine ni mafiga yanayobeba sufuria. Kwa nje jiwe hili lina rangi ya majivu au kahawia iliyopauka, halivutii hata kidogo. Lakini livunje. Ndani utalikuta la kijivu kilichokolea, pengine lenye dalili ya kijani, na lenye kung'aa kidogo kama limepakwa mafuta. Tazama kwa makini utaona vipande vidogo vyeupe vya mstatili vimetapakaa humo, kama punje za mchele katika uji wa wimbi.

Kisha ligonge kwa nyundo. Likiwa jiwe zima halisemi "tup" kama mawe mengine. Linalia. Linatoa mlio mwembamba wa kengele, na bamba lake lililo jembamba huweza kulia vizuri hata ukafikiri umegonga kipande cha reli.

Mlio huo ndio uliolipa jina. Wajerumani wa zamani waliliita kwa neno la kwao lenye maana ya jiwe linalolia, na mnamo 1801 mkemia wao, Martin Klaproth, akalitafsiri jina hilo kwa Kigiriki: fone ni sauti, lithos ni jiwe. Ndipo likaitwa fonolaiti. Katika nchi nyingi duniani fonolaiti ni jiwe la nadra, linalopatikana kwenye kilima kimoja hapa na kingine kule. Kenya sivyo. Sisi tunalo kwa wingi wa kutisha, na mji wa Kisumu umekaa juu yake.

<b>Lilikotoka</b>

Watoto wa shule hufundishwa kwamba miamba ni ya aina tatu: ya moto, ya mashapo na ile iliyogeuzwa. Fonolaiti ni ya moto, na ni ya volkeno hasa. Lakini usiifikirie volkeno ya picha za vitabuni, mlima mmoja wenye ncha unaotoa moshi. Mengi ya mawe haya hayakurushwa juu na mlima. Yalitoka katika nyufa za ardhi yakiwa uji wa moto, yakatiririka na kujaza mabonde, tabaka juu ya tabaka, kama uji wa muhogo unaofurika kutoka chunguni.

Yote hayo yanahusu Bonde la Ufa. Tumezoea kulifikiria bonde hilo kuwa mstari mmoja unaotoka Turkana, ukapita Nakuru na Naivasha, ukaenda hadi Tanzania. Ukweli ni kwamba lina tawi. Tawi hilo linachepuka kuelekea magharibi, na ndilo linalobeba nyanda za Kano na ghuba ya Winam. Ukisimama Kisumu unaweza kuuona ukuta wake wa kaskazini, milima ya Nandi, umesimama kama ua wa boma. Ardhi ya katikati ilizama, kingo zikabaki juu. Penye kuvutana na kupasuka namna hiyo, uji wa moto ulio chini hupata njia. Upande wa mashariki, juu ya mashamba ya miwa, mlima wa Tinderet ni masalio ya volkeno kuu ya wakati huo.

Wakati gani? Wataalamu wa jiolojia huyaweka mawe haya katika kipindi wakiitacho Miosini, kilichoanza miaka kama milioni 23 iliyopita na kumalizika miaka kama milioni 5 iliyopita. Ziwa lenyewe halikuwapo. Ziwa Victoria ni mtoto mdogo, huhesabiwa kuwa na umri wa miaka laki nne hivi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mawe ya Kisumu yalitupwa na ziwa, mjibu kwa heshima kuwa mtoto hawezi kumzaa babu yake. Ramani ya jiolojia ya wilaya ya Kisumu ilichorwa na E. P. Saggerson wa idara ya serikali ya kikoloni, na taarifa yake ilichapishwa 1952. Wahandisi na wachimbaji wa visima wameitegemea tangu hapo.

Kwa nini basi ukatoka uji wa aina hii na si mwingine? Hapa msomaji univumilie kidogo, maana ndipo penye siri ya jiwe. Miamba karibu yote ya moto imejengwa kwa silika, ambayo ndiyo kiini cha mchanga na kioo. Penye silika tele, inayobaki baada ya madini mengine kujishibia huganda ikawa kwatzi, yale madini magumu yanayometa kama glasi. Uji wa fonolaiti ulikuwa na upungufu wa silika lakini ulijaa sodiamu na potasiamu. Silika ikiwa haba, hakuna inayobaki ya kutengeneza kwatzi. Badala yake hutokea madini yaitwayo nefelini, ambayo ni kama chakula kilichopikwa na mama aliyeishiwa unga kabla ya sufuria kujaa. Katika fonolaiti, silika ni kama asilimia 55 hadi 60. Katika graniti hupita 70.

Vile vipande vyeupe ulivyoviona ni madini ya jamii ya felspa. Vilianza kuganda polepole chini ya ardhi, ndiyo maana vikawa vikubwa vya kuonekana kwa macho. Uji uliosalia ulimwagika nje, ukapigwa na hewa, ukaganda haraka kiasi kwamba chembe zake hazikupata nafasi ya kukua. Ndiyo sababu jiwe ni zito, limeshikana, halina matundu mengi kama yale ya jiwe la kusugulia visigino. Kitu kilichoshikana hivyo hubeba mtetemo bila kuumeza. Hiyo ndiyo kengele yako.

<b>Jirani asiye ndugu</b>

Niseme jambo moja kabla hatujaenda mbali, kwa sababu wanafunzi wengi wanaoletwa Kisumu kwa basi la shule hurudi makwao wakiwa wamelichanganya. Ukitoka mjini kwa barabara ya Bondo hadi Seme utaikuta Kit Mikayi, lile rundo la mawe makubwa lililopandana hadi kuwa refu kuliko jumba la ghorofa, mahali ambapo watu huenda kuomba na kufunga. Neno kit linatokana na kidi, yaani jiwe kwa Kijaluo, na mikayi ni mke wa kwanza. Mara nyingi utasikia ati mawe yale yalirushwa na volkeno. La. Kit Mikayi ni graniti. Iliganda chini kabisa ya ardhi, polepole mno, na umri wake ni zaidi ya miaka milioni 2,000. Ardhi iliyoifunika ililiwa na mvua na upepo hadi jiwe likatokea juu, nalo likapasukapasuka na kujipanga vile. Ukigusa graniti unahisi punje kubwa kama chumvi ya mawe, na kwatzi inametameta. Fonolaiti haina kwatzi na punje zake hazihesabiki. Mwalimu anayetaka somo zuri la jiolojia awapitishe watoto pote pawili siku moja.

Kwingineko nchini fonolaiti imetanda ajabu. Uwanda wa Uasin Gishu, ambako Eldoret imejengwa, uko juu yake. Nyanda za Athi na Kapiti pia. Na anayesafiri kwenda Mombasa, akipita sehemu za Kibwezi na Mtito Andei, akitazama kaskazini ataona ukuta mrefu ulionyooka juu kama umepigwa pima maji. Huo ni uwanda wa Yatta, mtiririko wa fonolaiti wenye urefu wa karibu kilomita 300, mmoja wa mitiririko mirefu zaidi duniani. Zamani uji ule ulijaza bonde la mto. Baadaye kingo za bonde, zikiwa laini, zikamomonyoka, na kilichokuwa chini kikabaki juu. Bonde likageuka kilima!

<b>Nyundo na pete ya mpira</b>

Turudi Obunga, kwa sababu jiwe hili si la ramani tu. Pembezoni mwa Kisumu, popote mwamba ulipochomoza, utasikia nyundo. Wanaume huchimbua kwa mitarimbo na sururu, na mwamba ukikataa huwashwa moto juu yake, magurudumu makuukuu au magogo, kisha ukiwa umepata moto sawasawa humwagiwa maji baridi. Mwamba hupasuka kwa kishindo. Ni njia ya kale na inafanya kazi, ila moshi wa magurudumu ni sumu na anayesimamia moto ule hana chochote usoni.

Vipande hivyo huja kwa akina mama. Kazi yao ni kuvunja kokoto. Mmoja niliyezungumza naye, mama wa makamo ya bibi, alikaa juu ya gunia chini ya kivuli cha shuka iliyofungwa kwenye miti minne. Mkono mmoja ulishika nyundo, mwingine pete iliyokatwa kutoka mpira wa gurudumu. Pete ile hulizunguka jiwe ili likipigwa vipande visiruke machoni. Nilimuuliza, "Dani, wajuaje jiwe lipi zima na lipi bovu?"

Hakuinua kichwa. "Lisikilize, nyathina. Lililooza halijibu."

Akanionyesha. Jiwe zima likalia. La pili, ambalo kwangu mimi lilikuwa sawa kabisa na la kwanza, likatoa sauti ya boga. Akalitupa kando, akaniambia hilo ni la kujazia mashimo njiani. Ndani yake mna nyufa ambazo macho hayazioni, au maji yameshaanza kuila nefelini yake. Mhandisi wa barabara katika maabara ana mashine ya kupima ugumu wa kokoto. Dani huyu ana sikio, na ninashuku kwamba katika mambo mengi majibu yao yanafanana.

Kokoto hupangwa kwa ukubwa. Za robo tatu inchi ni za zege la kawaida, ndogo zaidi ni za zege jembamba, na vumbi linalobaki huchanganywa na saruji kutengeneza matofali. Mawe makubwa huenda chini ya msingi wa nyumba. Ni jiwe zuri kwa kazi hizo zote kwa kuwa halinywi maji sana, lina kingo kali zinazoshikana, na halisagiki upesi. Ndiyo sifa zitakiwazo pia chini ya reli. Kokoto za reli lazima ziwe na pembe, zikamatane, ziache maji ya mvua yapite, la sivyo njia hukaa vibaya. Reli ilipofika hapa ziwani Desemba 1901, mahali pakiitwa Port Florence, ulikuwa mwanzo wa mji huu, na mji haujaacha kula mawe tangu siku hiyo.

Mtu anayevunja kwa mkono hupata rundo dogo kwa siku, na mteja akikosekana rundo hukaa wiki nzima. Mashine za kusaga mawe nazo zinajaza lori kwa muda mfupi. Haba na haba hujaza kibaba, husemwa, lakini kibaba cha kokoto ni kizito na bei yake huamuliwa na mwenye lori. Kilichonisikitisha zaidi ni macho. Akina mama wawili kati ya waliokuwapo walikuwa na jicho moja lenye kovu. Miwani ya plastiki ya kukinga macho si kitu cha gharama kubwa, na kama unajenga nyumba na unanunua kokoto za mkono, kuwapelekea wavunjaji miwani minne mitano hakutakufilisi. Vumbi nalo si la kuchezewa hata kama jiwe hili halina kwatzi, ambayo ndiyo adui mkubwa wa mapafu ya wachimba mawe. Kitambaa chenye unyevu puani ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

<b>Nyumba hulipenda, choo hulichukia</b>

Hapa sasa ndipo penye jambo lililonileta Obunga. Nyumba inapenda mwamba. Ukienda Nyalenda au kwenye nyanda za Kano, udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kuta za nyumba hupasuka pamoja nao. Penye mwamba msingi haukusumbui. Lakini choo cha shimo hakipendi mwamba hata chembe. Mwenye ploti huanza kuchimba, anapita udongo mwekundu, anapita mawe yaliyooza, kisha mtarimbo unagonga na kulia. Hapo kila mita inayofuata inagharimu pesa ambazo hana. Basi anasimama. Shimo lililopaswa kuwa refu linakuwa fupi, linatumiwa na familia nyingi, linajaa upesi, na lori la kunyonya uchafu haliwezi kupenya kwenye vijia vile. Mvua ya masika ikija, shimo linafurika.

Na si mbali na choo hicho kuna kisima.

Wengi wetu tunadhani maji ya kisima yaliyopita katika mwamba ni safi kuliko ya udongoni, maana jiwe ni gumu na safi. Ni kinyume chake. Udongo ni chujio. Maji yanapojipenyeza kati ya chembe zake taratibu, vijidudu hunaswa, na vingine hufa njiani kwa kukawia. Fonolaiti nzima haipitishi maji kabisa. Lakini fonolaiti hupasuka inapoganda, ikapasuka tena ardhi inapotikisika, na maji hukaa na kutembea katika nyufa hizo. Ufa si chujio. Ufa ni bomba. Uchafu ulioingia upande mmoja unaweza kutokea upande wa pili ungali na nguvu zake zote. Ndiyo maana pia visima viwili vilivyo hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwingine vinaweza kutofautiana, kimoja kikauke Januari na kingine kijae mwaka mzima: kimoja kimekutana na ufa, kingine kimekosa. Na ndiyo maana ile kanuni ya kutenganisha choo na kisima kwa mita 30, ambayo ni nzuri penye udongo, si kinga ya kutegemewa penye mwamba wenye nyufa. Hata hivyo katika ploti za Obunga mita 30 zenyewe hazipatikani. Watafiti waliopima visima vya mitaa ya Kisumu wamekuta mara kwa mara dalili za kinyesi ndani ya maji.

Haya si ya nadharia. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, mvua za El Nino zilipozidi, kipindupindu kiliipiga Nyanza vibaya sana. Watu zaidi ya 14,000 walilazwa hospitalini na zaidi ya 500 wakafa. Visa vingine vimetokea miaka iliyofuata. Siwezi kulitupia jiwe lawama yote. Umaskini, mabomba yasiyofika na takataka vina sehemu yao, na maji ya ziwa yenyewe yalikunywewa bila kuchemshwa. Lakini mahali penye mwamba kama huu, kosa dogo la juu ya ardhi hufika chini haraka.

Kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, imekuwa ikifikisha maji ya bomba katika mitaa ya mabanda kwa kuwapa vikundi vya wenyeji kazi ya kusimamia mistari midogo na vibanda vya kuuzia maji, Obunga ikiwamo. Mgala muue na haki umpe: kibanda cha maji kimepunguza shida. Lakini maji ya kibandani hulipiwa kwa mtungi, na ya kisimani aghalabu ni rahisi au bure. Familia zenye hekima nilizoziona zimegawa kazi. Maji ya bomba ni ya kunywa na kupikia. Ya kisima ni ya kufua, kusugua sakafu na kuoshea samaki kabla hawajaingia kwenye mafuta. Asiye na budi kunywa ya kisima ayachemshe hadi yatokote kabisa, au atie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, asubiri nusu saa. Na mtungi uwe na kifuniko, maana maji mengi husafishwa yakaharibiwa na kikombe.

Kuna kitu kimoja ambacho moto hauondoi. Mawe haya yenye sodiamu nyingi, katika Bonde la Ufa kwa jumla, huachilia floridi ndani ya maji ya chini. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto wanaokua huingia madoa ya kahawia. Waliosoma Nakuru wanayajua. Kuchemsha huyafanya maji yapungue na floridi ibaki ile ile. Kwa hiyo anayechimba kisima kirefu cha mashine, iwe cha shule au cha kanisa, asiridhike na maji kuwa maangavu. Apeleke chupa maabara, apimiwe vijidudu na floridi vyote viwili.

Kuhusu vyoo, penye mwamba dawa ni kupanda juu badala ya kushuka chini. Watu wamejenga vyoo vilivyoinuliwa kwa ngazi, vyenye chumba kilichopigwa plasta pande zote na chini, kinachofunguliwa nyuma na kumwagwa. Vingine hutenga mkojo na kutumia majivu. Gharama yake ni kubwa kuliko shimo, na wapangaji hawajengi choo kwenye ploti ya mtu mwingine. Hilo ni la mwenye nyumba, na wenye nyumba wengi hawaishi Obunga.

<b>Mbali na nyumbani</b>

Jiwe hili limefanya kazi nyingine pia, hapa na ng'ambo. Mabamba ya mawe magumu ya volkeno ndiyo yaliyokuwa pong', jiwe la kusagia la mama wa Kijaluo, kabla ya kinu cha posho. Katika rasi ya Homa, ng'ambo ya ghuba, watafiti wa Kanjera wamekuta zana za mawe za miaka kama milioni 2 iliyopita. Fonolaiti ya mlima Homa ilikuwa karibu yao, nao waliitumia, lakini kwa baadhi ya kazi walibeba mawe bora zaidi kutoka mbali, kupita kilomita 10. Hata wakati huo kulikuwa na wateja wenye kuchagua. Ufaransa, katika milima ya Auvergne, kuna jabali la fonolaiti liitwalo Roche Tuilière, ambalo wenyeji walilichonga mabamba wakaezekea nyumba. Brazili huisaga ikawa mbolea ya potasiamu.

Na kuna hili, ambalo huwafurahisha watoto. J. W. Gregory, Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa 1893, aliupanda pia Mlima Kenya akakuta huko aina ya jiwe la ukoo huu lenye fuwele kubwakubwa, na baadaye akalipa jina kutokana na mlima huo: kenaiti. Miaka michache ikapita. Msafara wa Shackleton wa 1907 hadi 1909 ukapiga kambi Antaktika chini ya mlima Erebus, na wataalamu wake wakaokota pale barafuni jiwe lile lile. Hadi leo Erebus ina ziwa la lava ndani ya kreta yake, na lava hiyo ni fonolaiti. Kule kwenye barafu unaweza kuona, bado ikitokota, aina ya uji uliomwagika hapa Nyanza.

Nilipotoka Obunga wanaume wawili walikuwa wakichimba kisima nyuma ya safu ya vyumba vya kupangisha. Mmoja alikuwa ndani, kofia yake tu ikionekana, mwingine akivuta ndoo kwa kamba. Fundi hawa wana bei mbili, ya udongo na ya jiwe, na mkataba hubadilika wakati ule ule mtarimbo unapolia. Mwenye ploti alikuwa ameinama ukingoni akisikiliza. Ulisikika mgongo mmoja wa chini, mzito, wa udongo. Kisha mwingine. Kisha kengele.

"Ni hilo," sauti ikasema kutoka shimoni.

Mwenye ploti akakaa chini, akatoa simu, akaanza kuhesabu.